Takadini Darasani: Vitabu na Mtoto Anayeonewa

Watu wengi wanaosifu vitabu vya watoto huvisifu kwa sababu moja tu, kwamba vinafundisha maadili. Sifa hiyo si ya uongo, lakini haitoshi. Mtoto anayeonewa shuleni hahitaji kuambiwa kuwa uonevu ni mbaya. Hilo analijua kuliko mwalimu wake. Anachohitaji ni kuelewa yanayompata, kuamini kwamba si yeye aliyeyasababisha, na kuona ni wapi msaada unaweza kutokea. Kitabu kinachomsaidia katika mambo hayo matatu ni kitabu chema kwake. Kitabu kinachomwambia avumilie tu, kwa kuwa mvumilivu hula mbivu, kinamwongezea mzigo juu ya ule alionao.

Kwa kipimo hicho nataka kuvitazama vitabu vichache ambavyo vijana wetu wamevisoma, au wangeweza kuvisoma. Mimi si mhakiki wa chuo kikuu. Nilisomea ualimu Butimba, Mwanza, nikafundisha na baadaye kuongoza shule za msingi katika wilaya za Shinyanga, Kahama na Geita hadi nilipostaafu. Nilichojifunza juu ya vitabu nimejifunza kwa kuwatazama watoto wakivisoma, wawili watatu kwa nakala moja, na kwa kusikiliza walichosema walipodhani mwalimu hayupo.

Kwanza tuelewane juu ya uonevu wenyewe, maana hapa kwetu kuna kisingizio kinachopendwa sana. Mtoto akilalamika kwamba anachekwa, huambiwa, "Huo ni utani tu." Sisi Wasukuma ni watu wa utani, na utani ni kitu ninachokiheshimu. Lakini utani una sheria zake. Mtani wangu akinitania, nami namtania. Babu humwita mjukuu wake wa kike mke wake, na mjukuu humjibu kwamba hamtaki mume asiye na meno, na wote wawili hucheka. Tena mtani ana wajibu: siku ya msiba ndiye anayekuja kufanya kazi na kuwachekesha waliofiwa. Ambapo mmoja anasema na mwingine hawezi kujibu, na anayesema hana wajibu wowote kwa anayesemwa, hapo hakuna utani. Pana uonevu uliovaa kanzu ya utani. Hata zile shughuli za shule za bweni za sekondari, ambako mwanafunzi mpya aliitwa njuka, akafulishwa nguo za wakubwa na kuchotishwa maji yao, ziliitwa mchezo. Aliyeufurahia mchezo huo alikuwa upande mmoja tu.

Fasihi yetu ya kale ililijua jambo hili. Mnyonge wa kwanza anayekutana na mtoto wa Kiafrika katika hadithi ni Sungura, mdogo kuliko wote, anayemshinda Fisi na Simba kwa akili. Watoto humpenda Sungura, na wana haki ya kumpenda. Anawaambia kwamba ukubwa wa mwili si kila kitu. Lakini nimegundua kwamba Sungura humfaa zaidi mtoto anayeonewa na mmoja. Anayechekwa na darasa la watoto 100 hana ujanja wa kuwatosha. Tena Sungura mwenyewe, akishashinda, mara nyingi hugeuka kuwa mwonevu. Anawaibia wenzake, na hadithi inamshangilia.

Shaaban Robert alikwenda mbali zaidi katika Adili na Nduguze, kitabu kilichochapwa mwaka 1952. Wengi hukikumbuka kama hadithi ya majini na wanyama. Mimi hukisoma kama kitabu juu ya yule aliyeonewa na anachokifanya na hasira yake. Adili anahusudiwa na ndugu zake, Hasidi na Mwivu, wanaofikia hatua ya kumtosa baharini. Ndugu hao wanageuzwa manyani, na Adili anaamriwa awapige kila usiku. Anawapiga, na huku analia. Mpaka Mfalme Rai anapoipata habari, Adili amekwishakuwa mfungwa wa adhabu anayoitoa. Hapo pana fikra ambayo sijaikuta kwa uwazi kama huo katika vitabu vingi vya watoto: kwamba kisasi hakimponyi aliyeonewa, na kwamba hawezi kutoka humo peke yake, lazima atokee mwingine mwenye mamlaka wa kuuliza, "Kuna nini ndani ya nyumba hii?" Mtoto wa darasa la saba halisemi hivyo, lakini nimewaona wakinyamaza walipofika kwenye mjeledi.

Sasa nije kwenye kitabu kilichonifanya niandike. Takadini ni riwaya ya Ben J. Hanson, iliyotoka miaka ya 1990, na tafsiri yake ya Kiswahili imesomwa kwa miaka mingi na vijana wa sekondari wa Tanzania. Mandhari yake ni nchi ya Washona, zamani. Sekai, mke wa kwanza wa Makwati, anakaa muda mrefu bila mtoto. Anapojaliwa, anamzaa sope, yaani mtoto mwenye ualbino, na mila inataka mtoto wa namna hiyo asiishi. Sekai anatoroka naye. Anafika kijiji kingine, ambako Mzee Chivero anawapokea, na huko Takadini anakua akichekwa na kuepukwa na watoto wenzake, na kijana aitwaye Nhamo anamfanyia uadui wa waziwazi. Jina lenyewe, Takadini, kwa Kishona ni swali: tumefanya nini?

Ningeweza kukihakiki kitabu hiki kama vile kinavyohakikiwa katika maandalizi ya mtihani, nikaorodhesha dhamira, wahusika na matumizi ya lugha. Lakini msomaji wa Shinyanga na Geita hawezi kukisoma kwa utulivu huo. Kilipoandikwa kilikuwa hadithi ya kale ya nchi ya mbali. Kuanzia mwaka 2007 kilikuwa habari ya jirani. Katika mikoa yetu ya Ziwa watu wenye ualbino walianza kuuawa na kukatwa viungo, kwa sababu waganga walikuwa wamewaaminisha watu kwamba viungo hivyo vinaleta mali: samaki wajae nyavuni, dhahabu ionekane kwenye duara. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa mauaji ya kijana wa miaka 14 wa Bukombe. Mwezi Februari 2015 mtoto wa mwaka mmoja alinyakuliwa nyumbani kwao wilayani Chato, mkoani Geita, na mwili wake ukapatikana hauna mikono wala miguu. Mwezi uliotangulia serikali ilikuwa imewapiga marufuku waganga wapiga ramli. Na wale wanaodhani mambo haya yamekwisha wakumbuke mwaka 2024, wilayani Muleba mkoani Kagera, mtoto wa kike ambaye hakuwa ametimiza hata miaka mitatu.

Nimezitaja habari hizi kwa sababu zina uhusiano na benchi la darasa la kwanza. Muuaji hakuanza na panga. Alianza na jina. Yalikuwapo majina ya zamani ya kumdhihaki mtu mwenye ualbino, na wakati wa mauaji likazuka jingine, "dili", neno la biashara. Mtoto aliyekuwa akipita njiani aliitwa dili na watoto wenzake, nao walicheka, na mtu mzima aliyekuwa ameketi kwenye benchi ya duka alisikia asikemee. Wazee wetu walisema pia kwamba watu hawa hawafi, bali hutoweka. Tulilisema kama jambo la kushangaza tu. Lakini ukishamfundisha mtoto kwamba mwenzake hafi, umemfundisha kwamba mwenzake si mtu, na asiye mtu anaweza kupangiwa bei. Dhihaka ya watoto ndiyo shule ya awali ya ukatili wa watu wazima. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini mzee kama mimi ashughulike na vitabu vya kuwasaidia watoto wanaochekwa, jibu langu ni hilo.

Mwaka 2013, nikiwa nimekwishastaafu, nilialikwa na shule moja ya sekondari kuzungumza na kidato cha tatu juu ya Takadini. Darasani alikuwamo kijana mmoja mwenye ualbino, ameketi nyuma kabisa, ingawa macho yake, kama ya wengi wa wenzake, hayakuona ubao hata akiwa mbele. Mwalimu wa somo alikuwa mtu mwema. Alipofika kwenye sehemu inayoeleza rangi na nywele za Takadini, alimwomba kijana yule asimame asome, kwa nia ya kumheshimu. Darasa zima liligeuka kumtazama. Baada ya kipindi nilisikia uwanjani jina lake jipya: wenzake walikuwa wakimwita Takadini.

Nilipokaa naye chini ya mwembe, nilidhani atalalamikia jina. Hakulalamika. Alisema kitabu amekipenda, amekisoma mara mbili. Kisha akasema, "Ila babu, huyu Takadini ana bahati. Yeye aliondoka na mama yake."

Nilihitaji kufikiri kidogo ndipo nikamwelewa. Wakati wa hofu ile watoto wengi wenye ualbino walihamishiwa kwenye shule za bweni zenye ulinzi, kama Buhangija mjini Shinyanga na Mitindo huko Misungwi. Shule hizo ziliokoa maisha, na waliozihudumia, mara nyingi kwa vitanda na chakula pungufu, wanastahili heshima. Lakini mtoto wa miaka sita alipelekwa huko akaachwa, na wapo ambao wazazi hawakurudi kuwaona. Kijana yule alikuwa mmoja wa waliopitia maisha ya namna hiyo. Wanafunzi wenzake walimsoma Takadini kama kitabu cha mtu mwenye ualbino. Yeye alikisoma kama kitabu cha mtu mwenye mama.

Nadhani yeye ndiye aliyekisoma sawasawa. Nguvu ya riwaya hii haiko kwa Takadini, iko kwa Sekai. Mtoto haepuki kifo kwa ushujaa wake. Anaepuka kwa sababu mtu mzima mmoja amekataa. Kisha mtu mzima wa pili, Chivero, anafungua mlango. Kisha binti mmoja, Shingai, anamwona Takadini kama mtu. Watu watatu tu katika umati. Mwandishi hatuambii kwamba kijiji kizima kilitubu siku moja, na hapo anasema kweli. Uonevu huanza kuvunjika pale mmoja wa watazamaji anapoacha kutazama. Kwa kipimo changu cha kwanza na cha tatu kitabu hiki kinafaulu: kinaeleza yanayompata mtoto, na kinaonyesha msaada unatoka wapi.

Kwa kipimo cha pili nina shaka nacho. Takadini anajifunza kupiga mbira, naye anakuwa hodari. Muziki wake unawagusa watu, na heshima inaanza kumjia kwa njia hiyo. Ni sehemu nzuri ya kitabu, na wanafunzi huipenda. Lakini fikiria namna anavyoisoma mtoto asiyejua kupiga chochote, ambaye ni wa 57 darasani, ambaye hana kipaji cha kuimba wala cha mpira. Anaambiwa, pasipo mwandishi kukusudia, kwamba nafasi ya kuishi kati ya watu hulipiwa. Wengine wameipata bure kwa kuzaliwa. Wewe lete mbira. Mtoto huyo atarudi kwenye lile swali la jina, tumefanya nini, na atajijibu kwamba kosa lake ni kukosa kipaji.

Udhaifu huu si wa Hanson peke yake. Mwaka 2012 R. J. Palacio wa Marekani alitoa Wonder, riwaya iliyosomwa duniani kote na kutengenezewa filamu mwaka 2017. Inamhusu August, mvulana wa miaka 10 aliyezaliwa na kasoro kubwa usoni, anayeingia shule kwa mara ya kwanza. Kuna mambo mawili ndani yake ambayo ningependa kila mwalimu ayaone. La kwanza ni binti anayeitwa Summer, anayekwenda kuketi naye wakati wa chakula bila kutumwa na mtu. La pili ni kwamba mwandishi anawapa dada yake August na rafiki zake sura zao za kusimulia, hata yule rafiki aliyemsema vibaya akidhani hasikii. Msomaji analazimika kukaa ndani ya nafsi ya aliyenyamaza na aliyesaliti. Lakini mwishoni August anapewa medali na ukumbi mzima unasimama kumpigia makofi. Huko Marekani wanazo medali. Kwa Hanson ipo mbira. Mtoto wa kawaida anayeonewa kwa kawaida hana vyote viwili.

Mwaka 2013 Mmarekani mwingine, Tara Sullivan, alitoa Golden Boy, kitabu cha Kiingereza kilichowekwa hapa hapa kwetu. Habo, kijana wa miaka 13 mwenye ualbino, anafika Mwanza na familia yake, anagundua kwamba huku anawindwa, na anakimbilia Dar es Salaam kwa treni, ambako anapokewa na mchongaji kipofu. Nakisifu kwa jambo moja kubwa: kinaonyesha kwamba uonevu wa kwanza wa Habo ulikuwa nyumbani, kwa baba aliyeondoka na ndugu wasiomtazama machoni. Hata hivyo, ni kitabu kinachomweleza mtoto wa Marekani juu ya Tanzania. Mtoto wa Nyarugusu hahitaji kuelezwa duara ni nini wala karasha inapigaje kelele. Anahitaji kitabu ambacho kinajua kwamba anajua.

Na tusiwasahau waonevu wenye mamlaka. Emmanuel Mbogo, katika Watoto wa Mama N'tilie, anawaonyesha Peter na Zita wakifukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, wakaishia jalalani. Hapo hakuna mtoto mkubwa anayempiga mdogo. Pana Mwalimu Chikoya na utaratibu wa shule. Vijana wetu wa machimbo wanakielewa kitabu hiki haraka. Wanawajua watoto walioacha darasa wakaenda kuponda mawe na kuosha mchanga kwa zebaki, baada ya kuchekwa kwa kaptula iliyochanika au kuchapwa kwa kuchelewa. Mbogo anatukumbusha jambo ambalo walimu hatupendi kulisikia: mtoto hujifunza kuonea kwa kumtazama anayeshika fimbo.

Pamoja na sifa zote nilizozitoa, vitabu hivi vina upungufu mmoja wa pamoja. Takadini na Watoto wa Mama N'tilie vimesomwa sekondari. Dhihaka huanza darasa la kwanza. Kufikia sekondari, aliyechekwa amekwishazoea kuchekwa, na wengine wengi hawakufika huko kabisa. Tangu Mradi wa Vitabu vya Watoto ulipoanzishwa mwaka 1991 tumepata vitabu vya Kiswahili vya watoto wadogo ambavyo kizazi changu hakikuviota, vyenye picha na hadithi nzuri. Kazi inaweza kufanyika. Ninachokitamani ni riwaya fupi ya Kiswahili kwa mtoto wa darasa la nne au la tano, iliyowekwa Kahama, Geita au Shinyanga vijijini, ambayo mhusika wake mkuu si mtoto mwenye ualbino peke yake, bali pia yule anayeketi naye dawati moja.

Kitabu hicho kijue mambo madogo. Kijue kwamba mtoto mwenye ualbino akiitwa mjinga, mara nyingi ni kwa sababu haoni ubao, na kwamba rafiki anayemsomea kwa sauti ya chini anafanya kazi kubwa kuliko hotuba ya mkuu wa wilaya. Kijue kofia pana na shati la mikono mirefu, na kwamba mwalimu anayemvua mtoto kofia kwa kuwa si sare anamuunguza. Kimwonyeshe mtoto anayecheka pamoja na wengine huku moyo unamsuta, maana huyo ndiye msomaji aliye wengi, na ndiye anayeweza kubadilika. Na mhusika wake asiwe na kipaji chochote. Awe wa 57 darasani, asijue kupiga ngoma, na bado aachwe aishi na kucheza kama wengine.

Kwa walimu walio kazini bado, nina ombi moja la kiufundi. Mnapofundisha Takadini, au kitabu chochote cha mtoto anayeonewa, msimsimamishe yule anayefanana na mhusika. Waulizeni wale wengine. Waulizeni Chivero alihatarisha nini alipofungua mlango. Waulizeni wangekuwa wapi siku Nhamo alipomwandama Takadini, na wasikubali jibu la "ningemsaidia" kabla hawajasema wangemsaidia vipi: wangesema neno gani, wangemwita nani, wangesimama wapi. Kitabu hakiwezi kumlinda mtoto njiani jioni. Kinaweza kuwapa watoto 99 waliobaki neno la kusema, wakalifanyia mazoezi darasani kabla ya kulihitaji.

Kijana wa mwembeni alimaliza kidato cha nne. Habari ya mwisho niliyopata ni kwamba anauza vocha za simu katika stendi ya mji mmoja wa Kanda ya Ziwa, chini ya mwavuli mkubwa, na kwamba mama yake amekuja kuishi naye.